Kitenzi kisicho na mtenda

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika hapa Bukavu licha ya mvua.

Tumezoea kudhani kwamba mkanushaji wa mauaji ya halaiki ni yule asemaye hakuna aliyeuawa. Huyo kumjibu si kazi. Anayenisumbua ni yule anayekubali vifo, kisha akachagua kitenzi. Tujisikilize wenyewe: "watu walikufa wakati wa vita", "kijiji kiliungua". Tukisema kijiji kilichomwa, msikilizaji atauliza kilichomwa na nani; kikiungua tu, hakuna wa kuulizwa, utadhani ni nyasi za kiangazi. Tarehe 6 Oktoba 1996 wagonjwa waliuawa vitandani katika hospitali ya Lemera, hapa kwetu Kivu Kusini, na tarehe 24 Agosti 1998 huko Kasika waliuawa raia, Mwami wao (chifu wa jadi), padri na watawa. Hao hawakufa tu.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010, ambayo sisi huiita Mapping, ilieleza matukio 617 ya ukatili nchini Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003, ingawa majina ya watuhumiwa yalibaki siri. Wapo wanaoishika ripoti hiyo ili kupunguza uzito wa mauaji ya kimbari ya Watutsi nchini Rwanda mwaka 1994, na wapo wanaoyataja mauaji hayo ili wakimbizi Wahutu waliouawa katika misitu yetu wasitajwe kamwe. Maiti si deni la dukani, kwamba la huku likatwe kwenye la kule.

Kisha huja swali la idadi: miili iko wapi? Srebrenica, huko Bosnia, waliuawa wanaume na wavulana zaidi ya 8,000 mwezi Julai 1995. Miezi michache baadaye mashine za kuchimbia zilirudishwa, makaburi ya halaiki yakafukuliwa na maiti zikahamishiwa kwingine, ndiyo maana mifupa ya mtu mmoja iliweza kupatikana katika makaburi mawili au zaidi, hadi vipimo vya DNA vilipoilinganisha na damu ya ndugu walio hai. Kukanusha kulianza kwa mashine hizo, kabla hotuba yoyote haijaandikwa. (Nami hapo juu nimesema "zilirudishwa" na "yakafukuliwa", kana kwamba zilijiendesha, waliozirudisha ni jeshi la Waserbia wa Bosnia.)

Wanafunzi walioniletea insha zao kuhusu vijiji walikotoka watarudishiwa kesho. Chini ya kila "walikufa" nimepiga mstari mwekundu.