Mama, huna kifafa: maumivu ya neva na ugwe wa mgongo uliopoteza breki

Ndugu zangu, nianze na mama mmoja aliyekuja kliniki miezi kadhaa baada ya kupona mkanda wa jeshi. Vipele vilikwisha kukauka, ubavuni limebaki baka tu. Lakini kanga yake alikuwa ameishika kwa vidole viwili, kaitenga na ngozi. Ikimgusa kidogo, anashtuka kama kapigwa shoti. Nikamwandikia gabapentini. Kesho yake akarudi nayo mkononi, machozi yanamlenga: "Daktari, duka la dawa wameniambia hii ni ya kifafa. Kumbe nina kifafa?"

Hakuwa nacho. Yake yalikuwa maumivu ya neva, yaani yanayotoka kwenye neva yenyewe iliyojeruhiwa na mkanda wa jeshi. Ila swali lile halikuwa la kipuuzi hata kidogo.

Katika karne ya 19, tabibu Mfaransa Armand Trousseau aliona kwamba maumivu ya neva ya uso huja ghafla na kukatika ghafla, mithili ya kifafa, akayaita kwa jina linalofanana nacho. Mwaka 1942 Bergouignan, naye Mfaransa, akawapa wagonjwa wa maumivu hayo fenitoini, dawa ya kifafa, wakapata nafuu. Mwaka 1962 ikafuata kabamazepini, na mpaka leo kwa maumivu ya uso ndiyo tunayoanza nayo.

Kwa nini zifanye kazi? Tushuke kwenye ugwe wa mgongo, ile kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo. Upande wake wa nyuma kuna seli zinazopokea habari za maumivu, na pembeni yao kuna seli ndogo ambazo kazi yao ni kuzinyamazisha. Hizo ndizo breki. Breki hufanya kazi kwa sababu seli ya maumivu ina pampu inayotoa nje kloraidi, chembe za chumvi zenye chaji ya umeme. Mwaka 2003 watafiti wa Quebec, Kanada, walionyesha kwa panya kwamba neva ikijeruhiwa, pampu hiyo hupungua kwenye ugwe. Kloraidi inajaa ndani, na ile amri ya "nyamaza" inakosa nguvu. Pengine inageuka kuwa amri ya "piga kelele". Hitilafu ya namna hiyo hiyo imeonekana pia katika ubongo wa baadhi ya watu wenye kifafa. Jambo hili hunigusa kila ninapolifundisha: ugonjwa wa kichwani na maumivu ya ubavuni, kasoro moja. Ndiyo maana dawa inayotuliza seli zilizochachamaa kichwani inaweza kusaidia na huku.

Na si panya tu. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani walirekodi umeme kwenye ugwe wa mtu aliyepooza miguu. Seli zilikuwa zinafyatuka kwa mafungu, zenyewe, bila chochote kuzichokoza.

Hata hivyo hiki si kifafa. Mgonjwa haanguki, hapotezi fahamu. Wala si kila dawa ya kifafa inafaa kila maumivu: kabamazepini inayosaidia uso mara nyingi haifui dafu kwa miguu inayowaka ya mwenye kisukari. Gabapentini yenyewe wengi haiwapi nafuu kubwa, na tusiwafiche. Tunaanza na dozi ndogo, kwa sababu inaleta kizunguzungu na usingizi, na mtu asiiache ghafla.

Yule mama nilichukua bahasha yake ya dawa, nikaandika juu kwa kalamu, herufi kubwa: YA MAUMIVU YA NEVA. Akaisoma mara mbili, akaifutika kwenye pindo la kanga.