Kusoma Nguvu za Bolti Kwenye Kiungo cha Pleti Tatu

Habari zenu, karibuni. Upepo wa Dodoma mnaufahamu: ukivuma kweli, mabati na kenchi vinataka kung'oka pamoja. Leo tunasoma kiungo cha kenchi ya ghala la nafaka, tuseme liko Kibaigwa. Juu kuna pleti ya kenchi, katikati pleti ya kujazia, chini pleti ya kichwa cha nguzo. Bolti ni nne, M20 (kipenyo mm 20) za daraja la nguvu 8.8. Kompyuta imeshamaliza kukokotoa modeli ya elementi, yaani kiungo kilichogawanywa vipande vidogo vidogo ili nguvu zisomwe kila mahali.

Kwanza fungua hatua ya kukaza peke yake, kabla upepo haujaingia. Kila bolti isome mvuto wa karibu kN (kilonewton) 137. Namba hiyo inatoka hapa: eneo la nyuzi mm² 245, mara nguvu ya chuma ya bolti, N 800 kwa mm², chukua asilimia 70. Ikiwa pungufu sana, usiendelee, rudi ukague ulivyokaza.

Sasa ingiza upepo, kN 160 kwenda juu, yaani 40 kwa kila bolti. Tazama skrini: bolti imetoka 137 ikafika 144. Wengi hushtuka hapa, mbona imeongezeka 7 tu? Zile 33 nyingine hazijapotea. Pleti zilikuwa zimebanana, na upepo huanza kwa kupunguza huo mbano. Tuhakikishe. Chagua uso kati ya pleti ya juu na ya kujazia, jumlisha nguvu zote za mgusano: 416. Bolti nne ni 576. Toa, inabaki 160. Ndiyo upepo wetu wote.

Fanya vivyo hivyo uso wa chini. Lazima upate 416 tena, maana pleti ya kujazia haijashikwa na kitu kingine chochote. Zikitofautiana, kuna mahali umeigundisha bila kujua. Nawaomba sana mlikague hili. Pleti zilizogundishwa kwenye modeli hazitengani, mzigo unapita kwenye gundi ambayo kwenye jengo haipo, na bolti inaonekana haina kazi. Paa la watu linabebwa na bolti hizo.

Kisha angalia rangi za mgusano. Kama kuzunguka tundu pamefunguka lakini ukingoni pamebana, pleti inapinda na kukandamiza kwa ukingo kama mtaimbo. Hapo bolti inabeba 40 zake na za mtaimbo juu yake. Ongeza unene wa pleti.

Nguvu ya kukata isome kwenye kila uso peke yake. Kwa mbano wa 416 na msuguano wa 0.2, pleti hazitelezi hadi kN 83 hivi, kwa hiyo chini ya hapo bolti isome kukatwa kidogo sana. Na unene wa pleti ya kujazia ukizidi theluthi ya kipenyo cha bolti, kama hii ya mm 10, Eurocode 3 (kanuni za Ulaya za majengo ya chuma) inapunguza uwezo wa bolti kukatwa: kwetu zidisha kwa 0.947.