Mpeni na Daftari: Kumwandaa Mtoto Kurithi Kihamba

Wazee wangu, mama zangu, na nyie vijana mliojibanza kule karibu na mlango, shikamooni, habari zenu.

Kila msimu hapa Kilimanjaro tunasikia lawama ileile: vijana hawataki kahawa, wamekimbilia bodaboda na Dar es Salaam. Mimi naikubali nusu tu. Mtoto wa kihamba, yaani shamba la ukoo tunalorithishana, kazi anaijua. Anajua kahawa mbivu ikichumwa leo imenywe maganda leoleo, maana ikilala kwenye gunia inachacha, na harufu ile hata uioshe vipi haitoki. Zinazoelea majini anaziengua. Baada ya kuchachusha anazamisha mkono kwenye ndoo na kusugua punje: zikiteleza anaziacha, zikikwaruza kama changarawe anaziosha na kuzianika kichanjani.

Sasa mwulizeni msimu uliopita chama cha ushirika kilipokea kilo ngapi kutoka kwenu. Malipo ya awali yalikuwa kiasi gani? Ya pili yalikuja lini? Mbolea ilikatwa shilingi ngapi? Hajui. Stakabadhi ziko kwenye mkoba wa baba, mkoba uko chini ya godoro, na mzee akishazikwa ndipo watoto wanakwenda chamani kuuliza kama aliacha deni. (Kicheko.) Mnacheka kwa sababu mnawajua.

Tumewafundisha kibarua, biashara tumeificha.

Mkatieni kijana mistari kadhaa ya mibuni, aamue mwenyewe, na fedha yake aione. Mibuni ya zamani inasumbuliwa na chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda, na kutu ya majani. TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungo, wametoa aina zinazostahimili yote mawili. Akitaka kung'oa mibuni ya babu apande hizo, msimjibu "mimi bado niko hai". Ni kwa sababu mko hai ndiyo maana afanye sasa. Mbuni mpya unahitaji kama miaka 3 kabla ya kuzaa vizuri. Akianza baada ya matanga, ada za watoto atalipa na nini?

Na mgao wenyewe. Mila yetu ilimrithisha kifungua mimba na kitinda mimba, na wa katikati walikwenda kufungua vihamba vipya. Vipya viko wapi leo? Ekari mbili ukiwagawia wana wanne, kila mmoja amepata mahali pa kujenga na pa kuzikwa, basi. Afadhali kihamba kibaki kimoja, asimamie mmoja, wengine wapate fungu la mauzo, na yaandikwe. Msimamizi huyo anaweza kuwa binti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa haki ya kumiliki ardhi sawa na kaka yake, na mara nyingi ndiye aliyebaki na mama nyumbani. Hati ya haki miliki ya kimila inaweza kubeba majina zaidi ya moja. Mkaulize ofisi ya kijiji.

Msimu huu mnapopeleka kahawa chamani, nendeni wawili. Mtoto asome mizani, stakabadhi iandikwe mbele yake, na daftari alishike yeye.

Maswali? Naona mzee pale mbele amenyoosha mkono kabla sijamaliza. Karibu, baba.