Kamera haionekani kwenye kompyuta: tatizo liko wapi?

Karibu mtazamaji. Umechomeka kamera kwenye kompyuta, umefungua This PC, na hakuna diski mpya. Kuna C, kuna D, basi. Na kwenye kadi zimo picha 600 za harusi ya watu. Kabla hatujagusa chochote, shika hili moja: kompyuta ikikuuliza kama ufomati diski, yaani uifute na kuiandaa upya, bonyeza Cancel. Mengine yote ya leo yanarekebishika. Kadi iliyofomatiwa kwa pupa ndiyo inayowaliza wapiga picha.

Tuanze na swali ambalo wengi huliruka: je, kamera yako inatakiwa kuonekana kama diski? Kamera huongea na kompyuta kwa njia mbili. Njia ya kwanza huitwa Mass Storage. Hapo kamera inajifanya flashi, inapewa herufi yake, E au F, na unaifungua kama flashi yoyote. Njia ya pili ni PTP, pamoja na nduguye MTP. Hapo kamera haiiachii kompyuta kadi yake. Kompyuta inaomba faili, kamera inazitoa. Kwa njia hii hupati herufi hata ukisubiri mpaka kesho. Kamera itaonekana kwa jina lake, chini ya zile diski, na ukiibofya mara mbili utaikuta kadi ndani.

Canon za EOS hazijifanyi flashi, kwa hiyo usitafute herufi, tafuta jina. Nikon D40 inakupa uchaguzi kwenye menyu, chini ya USB, D90 haikupi. Sony nyingi zina USB Connection kwenye menyu ya mipangilio: weka Mass Storage. Ukikuta imewekwa PC Remote, umempata mchawi, maana hapo kamera inasubiri kuendeshwa na kompyuta, siyo kutoa picha. Kwa Fujifilm kama X-T3, ingia kwenye Connection Setting, kisha PC Connection Mode, uchague USB Card Reader. Ukishabadilisha, chomoa waya, zima kamera, washa, chomeka tena. Usibadilishe huku waya ukiwa umechomekwa.

Kama mpangilio uko sawa na bado kimya, twende kwenye waya. Naomba usogee karibu na kioo hapa. Huu ni waya wa kuchajia simu, ganda la nje limechunwa. Unaona nyuzi ngapi? Mbili: nyekundu na nyeusi. Hizo ni za umeme tu. Sasa huu wa pili, ambao ulikuja na kamera: nyekundu, nyeusi, halafu nyeupe na kijani. Hizo mbili za mwisho ndizo zinazobeba data. Kwa macho ya nje nyaya hizi ni mapacha, kichwa kilekile, unene uleule. Ndiyo maana mtu anasema waya ni mzima kwa sababu taa ya chaji imewaka. Taa ya chaji inathibitisha umeme peke yake. Huhitaji kuuchuna wako: uunganishe na simu yenye tundu kama la kamera, chagua kuhamisha faili kwenye simu, uone kama kompyuta inaifungua. Ikikataa na simu pia, weka waya huo pembeni ubaki wa kuchajia.

Angalia na matundu. Kwenye kamera zenye tundu la mini-USB, mulika kwa tochi ya simu. Pini ziwe zimelala sawasawa, bila vumbi lililoshindiliwa wala pini iliyopinda. Kwenye kompyuta, chomeka moja kwa moja, usipitie kile kiboksi cha kugawa USB. Ikiwa ni kompyuta ya mezani, tumia matundu ya nyuma, maana ya mbele yanafika kwenye ubao mkuu kwa waya mwembamba wa ndani ambao wakati mwingine umelegea au haukuunganishwa kabisa.

Kamera yenyewe iwe imewashwa na betri ina chaji ya kutosha. Betri ikiwa ya kuombaomba, kamera inazima katikati ya kuhamisha. Ongeza pia muda kwenye Auto Power Off, ili kamera isijizime yenyewe. Na kwenye Canon nyingi zenye Wi-Fi, zima Wi-Fi kwanza: ikiwa imewashwa, kamera haiongei kwa waya. Hili linawachanganya watu wengi kwa sababu kamera haionyeshi kasoro yoyote.

Sasa chomeka usikilize. Kompyuta imetoa mlio? Kama haikutoa, rudi kwenye waya na tundu, usipoteze muda kwenye programu. Kama imetoa mlio lakini huoni kamera, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Device Manager. Tafuta Portable Devices. Ukikuta jina la kamera lina alama ya pembetatu ya njano, bofya kulia, chagua Uninstall device, chomoa kamera, washa kompyuta upya, kisha chomeka. Windows itaweka yenyewe draiva, yaani programu ya kuongea na kamera. Ukikuta Unknown USB Device, mawasiliano yamekatika njiani. Jaribu waya mwingine kwanza, kisha tundu lingine.

Kuna hili ambalo mafundi wengi hulisahau. Fungua Settings, System, About, usome Edition. Ikiishia na herufi N, Windows yako ilikuja bila vipande vya media, na MTP haifanyi kazi vizuri bila hivyo. Nenda Optional features, ongeza Media Feature Pack, washa upya.

Kwa aliyechagua Mass Storage: Windows na X tena, Disk Management. Diski ya kadi ikiwepo bila herufi, bofya kulia, Change Drive Letter and Paths, Add. Ikiwa imeandikwa RAW (siyo ile RAW ya picha), simama hapo. Mfumo wa faili wa kadi umeharibika. Endesha PhotoRec, programu ya bure ya kuokoa faili, na uokoe picha kwenye diski nyingine, kamwe siyo kwenye kadi hiyohiyo.

Kwenye Mac, kamera ya PTP haitokei kwenye Finder. Fungua Image Capture, utaiona upande wa kushoto.

Yote yakishindikana, toa kadi utumie kadi rida, kile kifaa cha kusomea kadi. Rida ya zamani iliyotengenezwa kwa SD ya mpaka GB 2 haisomi SDHC, yaani kadi za zaidi ya GB 2 mpaka GB 32. Kadi za SDXC, yaani zaidi ya GB 32, hutumia mfumo wa faili uitwao exFAT, na Windows XP bila sasisho lake haiielewi. Kile kitufe cha LOCK ubavuni kinazuia kuandika tu, hakizuii kusoma.

Ukishaingia kwenye kadi, fungua folda ya DCIM. Hapo ndipo picha zilipo. Video za Sony za aina ya XAVC S hazimo. Ziko kwenye folda ya PRIVATE, ndani yake M4ROOT, kisha CLIP, na wengi hufuta kadi bila kuzichukua. Nakili, usihamishe. Linganisha idadi ya faili za pande zote mbili, fungua picha chache za mwanzo, za katikati na za mwisho, ndipo uirudishe kadi kwenye kamera na kuifomati ukiwa ndani ya kamera yenyewe.