Diski Iko Wapi? Iulizeni Kerneli Yenyewe

Ndugu zangu, nashukuru kwa nafasi hii. Lugha ya C mnaijua na Linux mnaitumia kila siku, kwa hiyo sitaeleza kwa kirefu kumaunti, yaani kuiunganisha diski na folda ili isomeke. Naingia moja kwa moja kwenye jambo ninalolisema kila darasa, na leo nalirudia kwa sababu bado naliona kwenye kodi mnazoniletea. Programu inataka kujua ni diski zipi zimemauntiwa. Badala ya kuiuliza kerneli, yaani kiini cha Linux chenyewe, inaita popen("df"), yaani inaendesha df, amri inayoorodhesha diski, inasoma mistari iliyotengenezwa kwa ajili ya macho ya binadamu, kisha inaikatakata kwa sscanf. Acheni. Nawaombeni sana, acheni.

Nilishuhudia matokeo yake kwa macho yangu. Kuna mama mmoja ana studio ya picha, na riziki yake kubwa ni harusi. Alitengenezewa programu ndogo ya bakapu: kila saa sita usiku inaamshwa ikiwa na mamlaka ya root, yaani mkuu wa mfumo, inaiuliza df diski ya nje iko wapi, inanakili picha mpya. Ilijaribiwa na diski iliyoitwa BAKAPU, ikafanya kazi bila tatizo. Baadaye mama akanunua diski kubwa zaidi, akaiita PICHA NDOA. Maneno mawili, nafasi moja katikati.

Linux ikaimaunti kwenye /media/studio/PICHA NDOA, na df ikaonyesha hivyo hivyo. Lakini %s, alama ya sscanf ya kusoma neno, ikikuta nafasi inasimama. Programu ikabaki na /media/studio/PICHA. Folda hiyo haikuwepo, na kwa kuwa aliyeiandika alikuwa ameweka mkdir kwa nia njema, ikaundwa, picha zikamiminwa humo. Humo ni wapi? Ni kwenye diski ile ile ya kompyuta zilikotoka! Kila asubuhi logi inaandika "imekamilika". Miezi minne. Kisha diski ya kompyuta ikafa.

Nilipoitwa nilichomeka ile diski ya nje kwenye kompyuta yangu, nikaifungua mbele yake. Haikuwa na picha hata moja. Akaitazama, akaniuliza, "Umefungua hiyo hiyo, mwanangu?" Nikaifungua tena, maana sikuwa na jibu lingine la kumpa. Watu walikuwa wameshalipa, na harusi hairudiwi ili ipigwe picha upya. Ndiyo maana nikiona popen("df") siwezi kunyamaza.

Najua kuna mwenye kusema moyoni, "Mwalimu, mimi siiti df. Nafungua /proc/mounts kwa fopen, nasoma mwenyewe." Umepiga hatua, kwa sababu hapo unaisikiliza kerneli. Lakini ile nafasi bado inakusubiri. Kerneli inaandika kila maunti kwenye mstari wake, na vipande vya mstari vinatenganishwa kwa nafasi. Sasa nafasi iliyo ndani ya jina itaandikwaje? Inaandikwa \040, yaani 40 ya oktali, ambayo ni 32, namba ya nafasi kwenye ASCII. Tabu inakuwa \011, mstari mpya \012, na backslash yenyewe \134. Kwa hiyo sscanf yako safari hii haitakata jina. Itakuletea /media/studio/PICHA\040NDOA, na ile mkdir ya nia njema itaunda folda yenye jina hilo hilo, herufi kwa herufi. Mama yule angepoteza picha zile zile.

Kazi hii ilishafanywa, imo kwenye mntent.h. Fungua kwa setmntent("/proc/self/mounts", "r"), ita getmntent mpaka irudishe NULL, funga kwa endmntent. Kila mzunguko unapata mnt_fsname (kifaa), mnt_dir (folda ya maunti), mnt_type (aina) na mnt_opts (chaguo zake), na zile \040 zimesharudishwa kuwa nafasi. Mistari haifiki kumi. Hatuna sababu ya kuandika upya, tena vibaya, kitu ambacho glibc, maktaba ya C ya Linux, inacho.

"Mbona mifano mingi inasoma /etc/mtab?" Kwa sababu ni ya zamani. Zamani mtab lilikuwa faili la kawaida lililoandikwa na amri ya mount yenyewe. Kerneli haikulijua, na diski ya mzizi (/) ikiwa ya kusoma tu, lilibaki na habari za jana. Siku hizi kwenye mifumo mingi ni kiungo kinachoelekea /proc/self/mounts. Basi nenda huko huko.

Mtego mmoja wa getmntent umewanasa wengi hapa: pointa (anwani ya kumbukumbu) inayorudishwa ni ya sehemu ile ile ya kumbukumbu kila mara. Ukiziweka pointa kwenye safu ili uchapishe baadaye, safu nzima itaonyesha maunti ya mwisho. Nakili maneno yenyewe kwa strdup. Kama una thredi, tumia getmntent_r.

Muda unakwisha na sijagusa saizi, kwa hiyo haraka haraka. Ipe statvfs, inayosema ukubwa wa diski, ile mnt_dir. Zidisha f_blocks (idadi ya bloku) kwa f_frsize (saizi ya kila bloku), si kwa f_bsize. Kwenye ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux, f_frsize na f_bsize kwa kawaida zinalingana, ndiyo maana kosa hili linajificha mpaka siku utakapokutana na mfumo wa faili ambao hazilingani. Bloku zilizobaki kwa mtumiaji wa kawaida ni f_bavail. f_bfree inahesabu pamoja na akiba ya root, ambayo ext4 huiweka 5% usipobadilisha. Kwenye diski ya gigabaiti 500 hizo ni 25. Ukikuta f_blocks ni 0, kama kwenye /proc, ruka. Na seva ya NFS, yaani ya diski inayofikiwa kwa mtandao, ikiwa imezimika, statvfs inaweza kuganda humo humo, kwa hiyo usiiite kwenye thredi inayomhudumia mtu. Njia nyingine za kuuliza, mountinfo na getmntinfo ya mifumo ya BSD, tutaziacha siku nyingine.

Lakini hili siliachi. Kabla bakapu haijaandika baiti moja, ita stat kwenye folda diski inapomauntiwa na kwenye folda mama yake, ulinganishe st_dev, namba ya kifaa ambacho folda imo. Zikilingana, hapo hakuna diski ya nje. Simama, toa kosa, usiunde folda yoyote. Sasa toeni flashi zenu. Kila mmoja aipe yake jina lenye nafasi katikati, aichomeke, kisha tuendeshe hizo programu mlizokuja nazo.