Kipindi cha 41: Bibi harusi kaingia na muziki wa maiti

AIKA: Inarekodi hiyo?

JUMANNE: Taa nyekundu inawaka.

AIKA: Kwangu ya kijivu.

JUMANNE: (anacheka) Ndo tunaanza, tayari umeshanichokoza. Karibuni jamani. Leo tuko Moshi, Rau, chumbani kwa dada Aika, kwenye meza ileile yenye mguu mmoja mfupi. Mkisikia kitu kinagonga, ni meza. Nimekuja na gari la saa nane na nalazimika kuwahi Coaster za jioni kurudi Arusha, kwa hiyo leo hakuna kuzungukazunguka. Tuliwaahidi mambo matatu anayoweza kujifunza mtu anayetunga hadithi ya upelelezi. Nimeyaandika, karatasi hii hapa.

AIKA: Iweke pembeni kwanza.

JUMANNE: Unaona?

AIKA: Dakika tano tu. Jumamosi nilikuwa kwenye sendofu ya mtoto wa binamu yangu. Ukumbi umepambwa, kamati imevaa vitenge vya sare, ndafu iko nje kwa mchomaji inasubiri kuvalishwa majani. MC akatuambia tusimame, bibi harusi anaingia. Taa zikapunguzwa. Hakukuwa na spika za kupasua masikio safari hii, wala matarumbeta. Kijana mmoja kakaa na kinanda chake peke yake. Akaanza mkono wa kushoto, chini kabisa, noti nzito, taratibu, kama mtu anashuka ngazi gizani anatafuta kipandio kwa mguu.

JUMANNE: Usiniambie.

AIKA: Nakuambia! Halafu mkono wa kulia ukaanza kupanda. Unapanda, unapanda, unafika pale juu pa kulia kabisa, halafu unarudi chini kama vile hakuna kilichotokea. Mtoto wa watu anaingia na shela, shangazi zake wanapiga vigelegele, mama yake anajifuta machozi. Na mimi nimesimama na soda yangu nasema moyoni, huyu mtoto anaingizwa ukumbini na wimbo wa Laura Palmer. Msichana aliyeokotwa kando ya maji akiwa amefungwa kwenye nailoni.

JUMANNE: (anacheka sana) Aisee.

AIKA: Unacheka.

JUMANNE: Nacheka kwa sababu naijua sura yako ukishtuka. Waeleze wasioijua.

AIKA: *Twin Peaks*. Tamthilia ya Marekani ya David Lynch na Mark Frost, ilianza kuonyeshwa Aprili 1990 kwenye kituo cha ABC. Mji mdogo wa wapasua mbao, msitu, ukungu, maporomoko ya maji, karibu na mpaka wa Kanada. Binti wa shule anayependwa na mji mzima anakutwa amekufa. Analetwa mpelelezi wa FBI, Dale Cooper, nywele zimelala vizuri, anapenda kahawa na pai kuliko mshahara, na kila anachokiona anakisema kwenye kinasa sauti. Muziki wake ni wa Angelo Badalamenti.

JUMANNE: Marehemu. Alifariki Desemba 2022. Na Julee Cruise aliyeimba ule wimbo mkuu alitangulia Juni mwaka huohuo. Lynch akafuata Januari 2025.

AIKA: Sasa nyie mliiona kwa DVD za barabarani. Mimi niliiona kwa kaseti za baba mdogo. Alikuwa masomoni kule, akarudi 1991 na begi moja la nguo na begi moja la kaseti alizorekodi mwenyewe kwenye televisheni. Bara hatukuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, mpaka 1994. Mtu alikuwa na deki na TV, basi. Mtaa mzima umejaa sebuleni, watoto chini kwenye mkeka. Mimi niliposikia jina lina maana ya vilele viwili nikajua ni habari ya Kibo na Mawenzi.

JUMANNE: Ni jambo la kawaida kwa mtu wa huku.

AIKA: Basi kaseti za Marekani na deki zetu mfumo haukuelewana. Picha ikatoka nyeusi na nyeupe, tena inapandapanda. Matangazo ya biashara nayo yamo. Wazee wanatazama tangazo la sabuni kwa umakini uleule, wanaulizana huyu mama wa sabuni anahusikaje na mauaji.

JUMANNE: Na kile chumba...

AIKA: Chumba ambacho dunia nzima inakiita chumba chekundu, mapazia mekundu, kwangu kilikuwa cha kijivu kwa miaka kumi na tano. Nilipoona picha yake kwenye intaneti nikahisi nimedanganywa.

JUMANNE: Ndiyo maana hata taa yangu ya kurekodia kwako ni ya kijivu. Sasa subiri, chumba hichohicho kimenikumbusha kitu. Yule mtu mfupi mwenye suti anavyoongea mle ndani. Waigizaji walifundishwa maneno yao yakiwa yamegeuzwa, wakayasema nyuma-mbele, halafu ukanda wenyewe ukachezwa kinyume. Kwa hiyo maneno yananyooka, lakini yananyooka kwa namna ya kutisha. Mimi nilipoona mara ya kwanza nikasema, hawa wamecheza kinyume! Kinyume chetu cha shuleni!

AIKA: Sio sawasawa. Sisi tulikuwa tunachukua silabi ya mwisho tu, tunaileta mbele.

JUMANNE: Darasani walimu hawakuelewa kitu. Jaribu. Kahawa.

AIKA: Wakaha.

JUMANNE: Harusi.

AIKA: Siharu. Ndafu?

JUMANNE: Fu... fu-nda. Funda! Ndafu ukiigeuza inakuwa funda.

AIKA: Funda la supu ya ndafu. Muziki?

JUMANNE: Kimuzi. Hiyo mbaya. Arusha ni Shaaru. Moshi ni...

AIKA: Jamani.

JUMANNE: Shimo! (anacheka) Mji wenu ni shimo!

AIKA: Wewe mwenyewe ni Nnejuma. Hata hujui wewe ni juma la ngapi.

JUMANNE: Na wewe Kaai. Kaa hapo. Hebu fikiria hii tamthilia ingeletwa kwenye vibanda vya video vya enzi zile, na wale jamaa wa kutafsiri kwa maiki. Mfupi mwenye suti anaanza kuongea, mtafsiri anakohoa. "Hapa sasa mzee mfupi anamwambia mpelelezi... anamwambia... lepo nasa gundu."

AIKA: (anacheka) Na kibanda kizima kinaitikia.

JUMANNE: Halafu anaongezea la kwake, maana wale hawakukubali kushindwa. "Anamwambia umechelewa, gari la Himo limeshaondoka."

AIKA: Kuna maneno hayageuki lakini. Tulikuwa tunaudhika nayo tukiwa watoto. Mama.

JUMANNE: Mama. Kweli. Dada. Kaka.

AIKA: Bibi. Baba.

JUMANNE: Baba. Ukimgeuza ni baba yuleyule.

AIKA: ...

JUMANNE: Aika.

AIKA: Sijasema kitu.

JUMANNE: Umenyamaza kwa sauti! Kuna watu hawajaiona, umeshawaambia muuaji ni nani.

AIKA: Umesema wewe, ukaiacha ielee hewani. Na imepita zaidi ya miaka thelathini, Jumanne. Hata hivyo Lynch mwenyewe hakutaka muuaji ajulikane kabisa. Wenye kituo ndio waliomsukuma, akatajwa Novemba 1990, na kufika Juni 1991 kipindi kikaisha, vipande thelathini kwa jumla. Mimi hata hilo la kutajwa sikuliona. Kaseti za baba mdogo ziliisha kabla.

JUMANNE: Na yule jini wa kwenye tamthilia, Bob, kwa herufi, naye ukimgeuza ni Bob.

AIKA: Nyamaza, usiku huu nalala peke yangu. Nilichotaka kusema ni hiki. Sikuwa na jibu, sikuwa na rangi, nilikuwa na muziki. Muziki wa deki haukuharibika. Picha inaruka, lakini ule wimbo ulikuwa mzima. Kila ukipigwa mtu analia kwenye ile nyumba yao, mama yake Laura anapiga kelele kwenye simu. Kwa hiyo Jumamosi sikusikia wimbo mzuri wa kinanda. Nilisikia ile simu.

JUMANNE: Wewe. Ukumbini wewe peke yako ndiye uliyesikia simu. Wengine mia tatu walisikia bibi harusi.

AIKA: Kwa sababu hawajui.

JUMANNE: Na kutokujua kwao kumewapunguzia nini? Mimi ule wimbo mkuu, ule wa gitaa zito linaloshuka na kurudi, niliusikia Ngarenaro kwenye kinyozi, sijui tamthilia wala nini. Jamaa alikuwa na kanda moja ya nyimbo za ala, anaipiga akikunyoa. Kwangu ule wimbo una harufu ya poda ya shingoni na spiriti. Miaka mingi baadaye nakuja kuona DVD, nikasema, kumbe hawa wamechukua wimbo wa kinyozi.

AIKA: (anacheka) Lakini huo ni wimbo mwingine. Huo ulitoka hata kabla ya tamthilia, upo kwenye santuri ya Julee Cruise ya 1989, na ule wa ala ulipata Grammy 1991. Huo una maisha yake, sikatai. Huu wa sendofu ni wa Laura, una jina lake.

JUMANNE: Ulitungwa kabla hata ya picha moja kupigwa! Badalamenti amekaa kwenye kinanda chake cha umeme, Lynch kakaa ubavuni anamsimulia. Tuko msituni usiku, kuna upepo, kuna mwezi, kuna bundi. Jamaa anapiga anachosikia. Wakamaliza hapohapo, Lynch akamwambia asibadilishe hata noti moja. Maiti iko wapi hapo? Wimbo umeitangulia maiti.

AIKA: Malizia habari. Baada ya bundi akamwambia nini? Akamwambia sasa kwenye miti anatokea msichana, yuko mpweke sana, anakuja kuelekea kwetu. Akamtaja jina. Pale unapopanda wimbo ni yeye anakaribia, na unapoanguka ni yeye anarudi gizani. Sasa wewe bibi harusi anatembea kwenda kwenye meza kuu na noti zinamrudisha msituni!

JUMANNE: Haya, maporomoko ya Kinukamori. Pale Marangu. Simulizi yake unaijua kuliko mimi.

AIKA: Msichana alipata mimba kabla ya kuolewa, akaenda kujirusha. Akabadili mawazo, anageuka, chui yuko nyuma yake. Akaanguka.

JUMANNE: Na nimeona kwa macho yangu maharusi wanapiga picha pale. Shela, suti, wapambe, maji yanamwagika nyuma yao. Hakuna aliyewazuia. Mahali pazuri ni pazuri.

AIKA: Pana sanamu pale. Ya msichana na chui, iko juu. Ukienda pale unajua umesimama wapi, halafu unachagua mwenyewe. Huyu mtoto hakuchagua. Nilimfuata yule kijana wa kinanda baadaye, nikamuuliza wimbo kautoa wapi. Akaniambia kausikia kwenye kipande cha video kwenye simu, watu wanapanda mlima. Kapenda.

JUMANNE: Umeona! Kwake ni wimbo wa mlima. Umeshakuwa wa Kibo na Mawenzi, kama ulivyodhani ukiwa mdogo.

AIKA: Usinigeuzie maneno yangu.

JUMANNE: Sasa kinachokuuma ni nini hasa? Maana ulishaondoka ukumbini, ndafu umekula.

AIKA: Mpiga video bado anahariri. Namba yake ninayo. Naweza kumwambia abadilishe sauti pale anapoingia, aweke nyimbo yoyote, mbona ziko nyingi.

JUMANNE: Aika! Utamfutia mtoto dakika nzuri kuliko zote za siku yake?

AIKA: Miaka ishirini ijayo mwanawe ataiona hiyo tamthilia, ataniuliza, bibi, wewe ulikuwepo na ulikuwa unaujua huu wimbo?

JUMANNE: Utamwambia ndiyo, ulikuwa mzuri.

AIKA: Siwezi kusema hivyo.

JUMANNE: Basi mwambie mama yake leo. Mpigie bibi harusi, mwambie, mwanangu, umeingia na wimbo wa maiti. Uone atakujibu nini.

AIKA: Hilo ndilo ambalo siwezi kabisa.

JUMANNE: Kwa hiyo huwezi kumwambia, lakini unaweza kumfutia kimyakimya. Unafanana na wale wenye kituo.

AIKA: Wenye kituo walilazimisha siri itoke. Mimi naifunga.

JUMANNE: Unaifunga kwenye nailoni.

AIKA: ...Hiyo ilikuwa nzuri, lakini sijakubali.

JUMANNE: Wala mimi. Saa ngapi?

AIKA: Kumi na mbili kasoro kumi.

JUMANNE: Mungu wangu. Coaster! Na ile karatasi ya mambo matatu?

AIKA: Soma la kwanza haraka.

JUMANNE: "La kwanza, ukitunga hadithi ya upelelezi, mji uwe mhusika, yaani..." Hapana, hili linataka nusu saa. Tutaona wiki ijayo.

AIKA: Wiki ijayo tuna wale wa mbege.

JUMANNE: Basi itabaki hapahapa mezani, weka chini ya huu mguu mfupi angalau isaidie. Viatu vyangu viko wapi?

AIKA: Mlangoni. Na ndizi zako ziko hapo kwenye mfuko, mama kaziacha kwa ajili ya watoto. Usizikandamize, zimeanza kuiva.

JUMANNE: Mwambie nimeshukuru sana. Usimpigie yule mpiga video.

AIKA: Tembea, bodaboda inakusubiri.

JUMANNE: Aika, usimpigie.

AIKA: Rikwahe, Nnejuma.

JUMANNE: (kwa mbali) Na uzime hiyo mashine, taa bado...