Mita Ngapi, Sekunde Ngapi: Tunavyopima Ulemavu wa MS

Shikamooni wakubwa. Wenzangu, habari za asubuhi. Nitaanza na miguu, kisha tupande kichwani.

Kwenye maltipo sklerosisi, au MS kwa kifupi, kinga ya mwili hushambulia utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva katika ubongo na uti wa mgongo. Fikirini waya wa umeme uliochunika: taa inawaka, lakini inachezacheza.

Ulemavu wake tunaupima kwa EDSS. Daktari John Kurtzke wa Marekani alitoa kipimo cha kwanza mwaka 1955, akakipanua mwaka 1983. Kinakwenda nusu nusu, kutoka 0, asiyeonekana na kasoro, hadi 10, aliyeuawa na MS. Kwenye namba za chini tunaangalia macho, nguvu, hisia, kibofu, hata akili. Ukishafika 4, mwamuzi ni mita. Anayetembea mita 500 bila msaada wala kupumzika, 4. Mkongojo mmoja kwa mita 100, 6. Miwili kwa mita 20, 6.5. Akili imebaki kwenye kisanduku kimoja cha fomu, nacho mara nyingi hujazwa kwa maongezi tu. Mgonjwa mcheshi, aliyejipiga pasi vizuri, hutuhadaa. Mimi nimehadaika zaidi ya mara moja.

Sasa chukueni karani wa benki. Anaingia kliniki kwa miguu yake, EDSS 2, twamwambia hajambo. Kazini anaitwa mzembe: hesabu anairudia mara tatu, na wakisema watu wawili kwa pamoja anapotea. Daktari Mfaransa Charcot aliyaona haya kule Paris mwaka 1868, kwamba kumbukumbu hudhoofika na mawazo huja taratibu. Mwaka 1991 mtafiti Rao na wenzake Marekani waliwapima wagonjwa 100. Asilimia 43 walikuwa na upungufu wa uwezo wa kufikiri na kukumbuka.

Kipimo ninachokipenda kinaitwa SDMT. Juu ya karatasi kuna alama tisa, kila moja na tarakimu yake. Chini ni safu za alama zisizo na tarakimu. Mgonjwa anataja tarakimu, wewe unaandika, sekunde 90 basi. Hapimwi werevu, jamani, anapimwa kasi. Majibu yakipungua manne hivi tangu mara iliyopita, msikilize: upungufu wa kiasi hicho umeonekana kwa watu wanaoanza kushindwa na kazi. Ila kwanza muulize kama alilala, kama macho yanaona, kama ana sonona. Na ukitumia karatasi ileile kila mara, atapanda kwa mazoea tu.

Kuna jambo linaloniudhi. Matokeo ya mgonjwa hulinganishwa na ya watu wazima wa afya, wa umri na elimu kama yake. Mama aliyeishia darasa la saba ukimlinganisha na mhitimu wa chuo New York, umempa ugonjwa asio nao. Mwaka 2012 lilitoka fungu fupi la vipimo, BICAMS, la dakika 15 hivi: SDMT, michoro ya kukumbuka, na orodha ya maneno 16. Orodha hiyo msiitafsiri, itungeni upya. Mboga ya kila siku kwa Mwingereza si mchicha, na neno la Kiingereza lenye silabi moja, "grape", kwetu ni zabibu, silabi tatu.

Nani ana simu yenye saa ya sekunde? Wewe dada wa mstari wa nyuma, njoo mbele. Karatasi hii hapa, usiangalie kwanza.